Kitufe Kilichoitwa Funga

Majuzi Mama Njeri alituita Yamumbi tumshukuru Mungu pamoja naye kwa nyumba yake mpya ya mawe. Tuliketi uani kwenye viti vya plastiki, sahani za pilau mapajani, upepo wa baridi ukipeperusha vitambaa vya meza, na kabla mchungaji hajamaliza kula, Mama Awino akainyakua tableti ya mjukuu wa mwenye nyumba. Ilikuwa tableti ya siku hizi, nyembamba kama sinia ya chai. Mama Awino akaipangusa kwa leso, akaigeuza upande huu na upande ule, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya kuuza samaki: "Sasa hii nayo, ni Nyayo ama ni Panya?" Vijana wakatazamana, nadhani waliogopa kwamba bibi ameanza kupotea. Mama Chebet alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Mama Njeri akashika nguzo ya veranda asianguke. "Akinyi, waambie," wakanisukuma, "si wewe ndiye ulikuwa mwalimu?" Nikasimama, macho yote yakanigeukia, nikasema maneno mawili matatu kuhusu kompyuta za kitambo, nikaketi. Mbele ya watu wengi maneno bado hunikimbia. Karatasi hunivumilia zaidi, hata kama huandika polepole, basi yale niliyoshindwa kuyasema pale uani nayaweka hapa.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile vurugu ya uchaguzi, jirani alipomchomea jirani nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la nane na shule ikaishia hapo. Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Kanisa moja pale Huruma, mjini Eldoret, lilikuwa limewakusanya wanawake wafume sweta za shule, kwa makusudi kabisa likachanganya waliotoka Huruma, waliotoka Yamumbi na waliotoka Ainabkoi, ili mikono ifanye kazi pamoja hata kama midomo bado haiwezi. Mimi nilikuwa mfumaji wa mikono ya sweta. Tulikuwa kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa, sakafu ya saruji iliyopasuka, mashine za kufumia zikiwa zimepangwa kwenye meza ndefu, na kila kona ikinuka uzi mpya na mafuta ya cherehani. Hakuna aliyetuambia tukae vipi, lakini tulikaa kwa kuta: sisi wa Huruma ukuta wa barabarani, wa Yamumbi ukuta wa jikoni, wa Ainabkoi karibu na mlango. Kila ukuta ulikuwa na chupa yake ya chai. Saa ya mapumziko ikifika zilifunguliwa chupa tatu, na mvuke wa chai tatu ulipanda darini ukakutana huko juu, lakini sisi huku chini kila mtu alikunywa ya kwao. Mama Awino wa Huruma alikuwa na omena yake, dagaa wa ziwani, kwenye bakuli lenye kifuniko. Mama Njeri alikuja na githeri, mahindi na maharagwe. Mama Chebet wa Ainabkoi alibeba mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na alipokuwa akiimimina alitupa mgongo, si kwa ubaya, ila kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumkaribisha.

Halafu zikaja tableti. Madam Beatrice, msimamizi wa mradi, aliingia asubuhi moja nyuma ya vijana wawili waliobeba katoni, akatangaza, "Wamama, tumeletewa tableti." Mama Awino akauliza, "Za malaria ama za minyoo?" Madam akasema hapana, ni kompyuta za kuchorea nembo za sweta. Mama Chebet akasema kompyuta anaijua, ile ya benki, na hiyo iko na televisheni na meno ya kubonyeza. "Hii haina meno?" Haikuwa na meno. Ilikuwa bamba zito la rangi ya kijivu, nene kama kitabu cha nyimbo, lenye kishikio cha kubebea, kwa sababu zilikuwa zimetumika katika hospitali fulani ng'ambo na wauguzi walizibeba kitanda hadi kitanda. Uliandika juu yake kwa kidole au kwa kalamu ya plastiki. Wakati ule, hapa kwetu, hata simu ya kugusa hatukuwa tumeiona. Madam aligusa skrini kutuonyesha, nayo ikajibu kwa maandishi mekundu: mfumo wake ulikuwa umeishiwa ruhusa ya kutumika. Akagusa ya pili, ya tatu. Zote zilisema lile lile. Uso wa Madam ulianguka hivi kwamba nikatamani kumwondolea aibu, lakini nilikuwa nani?

Aliyeitwa ni Wafula, fundi wa redio na televisheni pale Huruma, mtu wa Bungoma ambaye hakuweza kukaza skrubu bila kusimulia kisa. Alikuja na sidii kwenye mfuko wa shati. "Hii," akasema, "inaitwa Linux. Haiombi mtu ruhusa. Haina mwenyewe na kila mtu ni mwenyewe, kama kisima cha kijiji." Alihitaji mtu wa kumshikia nyaya, akanyoosha kidole ukuta wetu. "Wewe msichana unayenyamaza, kuja. Wanaoongea watanichanganya." Nadhani hiyo ndiyo siku pekee maishani ambapo kunyamaza kulinipa kazi. Niliacha mkono wa sweta ukining'inia kwenye mashine, nikaenda, na sikurudi kwenye mikono ya sweta kwa moyo wote tena.

Niseme ukweli wa jinsi nilivyojisikia, maana naona hata sasa vidole vinanisisimka. Wafula alinieleza kwamba Linux haina sura moja. Mfumo ni ule ule ndani, lakini unaweza kuuvisha sura utakayo, kama mtu yule yule anavyovaa koti la kazi leo na suti ya kanisa kesho. Alikuwa na sura tatu kwenye sidii zake, na majina yake hasa yalikuwa ya Kiingereza cha herufi kubwa kubwa ambacho hakuna aliyekiweza, basi tukaziita kwa picha zake. Moja ilikuwa na alama ya panya mdogo. Hiyo ikawa Panya. Nyingine ilikuwa na gurudumu lenye meno. Hiyo ikawa Gia. Ya tatu ilikuwa na alama ya wayo, unyayo wa mguu na vidole vyake. Wafula alipoiwasha mara ya kwanza na ule wayo ukatokea katikati ya skrini, Mama Njeri alikuwa akipita na uzi. Akasimama kama aliyepigwa. "Woi! Nyayo amerudi!" Ukumbi mzima ulicheka, kuta zote tatu, maana ni nani wa umri wao ambaye hakuinua mkono gwarideni akiitikia Nyayo, kauli ya rais wetu wa zamani, ni mtoto yupi ambaye hakunywa maziwa ya Nyayo shuleni? "Basi tutapewa maziwa," akasema Mama Chebet, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikivuka upande wa pili wa ukumbi.

Tulianza na Panya, kwa sababu Wafula alisema ni nyepesi na mashine zile zilikuwa kuukuu. Kweli iliwaka upesi. Lakini vitufe vyake vilikuwa vimetengenezwa kwa ncha ya mshale, si kwa kidole cha mwanamke aliyelima viazi maisha yake yote. Mama Chebet alibonyeza pa kufungulia programu akaipunguza, akabonyeza tena akaiondoa kabisa. "Hii panya inanikimbia," akasema. Tukaivua, tukaivisha Gia. Gia ilikuwa maridadi ajabu, madirisha yalifunguka kama pazia, vivuli kila mahali, na kila ulipofungua kitu kulikuwa na kipicha kilichorukaruka kando ya mshale kikikwambia subiri. Tulisubiri. Mashine ilipata joto hata Mama Awino akaiweka juu ya magoti na kusema angalau baridi ya Eldoret imepata dawa. Ndipo tukarudi kwa Nyayo. Hiyo haikuwa nyepesi sana wala maridadi sana, lakini ilikubali kunyooshwa. Niligundua mwenyewe, bila Wafula, kwamba upau wa juu ungeweza kunenepeshwa mpaka ukawa mpana kama utepe wa sweta. Niliongeza ukubwa wa picha. Nilipata mahali pa kuiambia ifungue kitu kwa mguso mmoja badala ya miwili, kwa sababu miguso miwili ya haraka ilikuwa inawashinda wamama. Wa kwanza ulianguka hapa na wa pili ulianguka huko mji wa Turbo. Kila nilipobadilisha jambo na mashine ikatii, nilisikia kitu kikipanda kifuani kama mtu anayetaka kupiga kelele kanisani. Mimi, ambaye sokoni nilinunua nyanya kwa kunyoosha kidole ili nisiongee, nilikuwa nimepata kitu kinachoelewa kidole.

Siku moja nilikuwa nimejiinamia nyuma ya ubao uliotenga ukumbi na jikoni, nachaji tableti, nikamsikia Madam Beatrice upande wa pili akiongea kwa simu. Harufu ya kitunguu ilikuwa inapita kwenye nyufa, na maneno nayo. "Ndiyo, naelewa," alikuwa akisema. "Hapana, wengi hawajui Kiingereza... Ndiyo. Kama mgeni wa wafadhili akija na aone hazitumiki, hakuna shida, tutazipeleka ile sekondari ya mjini. Huko watoto wako tayari." Akasikiliza. "Sawa. Mwisho wa mwezi." Nilibaki pale nimeshika waya. Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehesabu kama msimamizi anavyohesabu. Lakini nilijiona nimerudi kwenye mkono wa sweta, kushoto na kulia, kushoto na kulia, na mashine zangu zikiwa kwenye meza za watoto waliokwisha kupewa kila kitu. Nilimwambia Wafula. Nilimnong'oneza, kama kawaida yangu. Akakuna kidevu. "Basi," akasema, "hii Nyayo lazima tuifundishe Kiswahili."

Lakini kabla ya Kiswahili kulikuwa na tatizo la kidole. Tableti zile zilisimama kama mlango au zililala kama meza, ulivyopenda, na Wafula alipozigeuza zilale ili wamama wachore kwa starehe, picha iligeuka lakini mguso haukugeuka. Uligusa kulia, mshale ukaruka kushoto. Uligusa juu, ukachomoza chini. Mama Awino alijaribu mara tatu, akainua kidole chake akakitazama kama kwamba ndicho kimekosa. Kisha akatoa ile sauti ya sokoni: "Hii ni kura yangu kabisa! Naweka hapa, inaonekana pale!"

Mashine za kufumia zilisimama. Nakumbuka nyuzi zilivyobaki hewani. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumefuma pamoja na hakuna aliyewahi kutamka neno kura ndani ya ukumbi ule. Mama Awino mwenyewe alifunika mdomo. Nilitazama ukuta wa jikoni, kwa Mama Njeri, ambaye tulijua alirudi Yamumbi akakuta mabati yaliyokunjamana na mti wa parachichi uliogeuka mkaa. Alimaliza kufunga fundo alilokuwa nalo mkononi. "Mama Awino," akasema polepole, "yangu mimi ilienda pale niliituma. Na bado nyumba ikaungua." Ndipo kutoka karibu na mlango Mama Chebet, ambaye hakuwa ameinua macho, akasema, "Akinyi, tengeneza hiyo mashini haraka. Watu wasigombane tena kwa sababu ya kidole." Sijui nani alicheka kwanza. Kilikuwa kicheko cha ajabu, chenye kilio ndani yake, na kilipoisha Mama Njeri alikuwa anapangusa macho na Mama Awino amesimama katikati ya ukumbi, hajui arudi ukuta gani. Wafula alinionyesha dawa yake: programu iliyoweka misalaba minne kwenye pembe za skrini, nawe unaigusa mmoja mmoja mpaka mashine ijifunze kidole chako kiko wapi. Wamama walipanga foleni kuigusa. "Kwa jina la Baba," Mama Awino alikuwa akisema kwenye msalaba wa juu, "na la Mwana." Siku hiyo, saa ya chai, aliinuka na bakuli lake la omena, akavuka, akaliweka mbele ya Mama Chebet. "Onja. Haiumi." Mama Chebet akaonja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko omena inavyohitaji. "Iko na macho mingi," akasema, kisha akamimina mursik kwenye kifuniko cha bakuli na kumpa. Mama Awino alikunja uso mpaka masikio yakasogea. Lakini alimaliza.

Tuliifundisha Nyayo Kiswahili kwa majuma mengi ya raha. Wafula alijua faili za majina zinakaa wapi. Mimi nilijua neno lipi lingeeleweka ukumbini, kwa sababu sikuzote nilikuwa nasikiliza. Nilipokosa neno niliwauliza wamama, na hapo ndipo nilipojifunza kuuliza. Pa kufungulia paliitwa Fungua. Pa kuhifadhi paliitwa Weka. Pa kufuta, Mama Njeri alisema paitwe Fumua, kwa sababu ukikosea sweta unaifumua, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza Fumua maana yake nini. Na ukimaliza kazi, pa kuiondoa programu kwenye skrini tulipaita Funga. Kila mfumaji anafunga: ukifika shingoni unafunga uzi, sweta imeisha. Programu waliyoipenda ilikuwa ya kuchora kwenye miraba, kila mraba mdogo ukiwa tundu moja la uzi. Shule zilitaka mistari shingoni na herufi kifuani, na zamani tulizikisia, herufi S ikatoka kama nyoka aliyekanyagwa. Sasa mama aligusa mraba, ukajaa rangi. Akagusa mwingine. Herufi iliota chini ya kidole chake. Nilikuwa napita nyuma yao bila kusema neno, na Mama Chebet alikuwa ananishika sketi: "Kuja uone! Kuja uone hii!" Walianza kukaa kwa rangi badala ya kukaa kwa kuta, wenye kuchora mistari ya kijani huku, wenye maruni kule.

Siku ya mgeni ikawadia, na Wafula akawa ameitwa Ainabkoi kufunga vipaza sauti vya kanisa. Jioni iliyotangulia Madam alikuwa ametuomba jambo moja: kila tableti iwe na paswadi, zisije zikaibwa na kutumika ovyo. Wafula aliweka. Nilimuuliza paswadi ni nini, akanipa akicheka peke yake: "Ni sijui. Herufi tano. Mwizi akikushika shingo akuulize, utamwambia sijui, na utakuwa umesema kweli mbele ya Mungu." Kisha akaondoka, akiniachia kazi ya mwisho, kuweka kitufe cha kufungia skrini kwenye ule upau mnene wa juu. Nilikiweka asubuhi. Nilikifanya kikubwa, kizuri, chekundu, kwenye pembe. Na chini yake, kwa kuwa Kiswahili ni Kiswahili na mlango ukiutia kufuli umeufunga, niliandika: Funga.

Mgeni alikuwa mzee mpole kutoka Nairobi, mwenye koti la rangi ya majani makavu. Alitembea kati ya meza mikono nyuma, na nyuma yake Madam, na nyuma ya Madam, mlangoni, zile katoni tupu zimeshaletwa. Niliziona. Wamama hawakuzitazama, walikuwa wanachora. Mgeni aliwaomba kila mmoja achore nembo ya shule moja ambayo tulikuwa tumeahidiwa kazi yake, na wakachora, loo, wakachora! Mama Awino ulimi nje, Mama Njeri akinong'ona rangi, Mama Chebet kidole kigumu kama kigingi lakini kikitua pale pale alipotaka. Mgeni aliinama akaona. Nilimwona akitabasamu. "Sasa malizeni," akasema, "mnionyeshe mnavyohifadhi." Nao, wakiwa na haraka na furaha, wakiwa wafumaji waliofika shingoni, kila mmoja akainua kidole, na mbele ya macho yao kulikuwa na kitufe kipya, kikubwa, chekundu, chenye neno wanalolijua. Wote wakagusa Funga.

Skrini zikawa nyeusi, moja baada ya nyingine. Kisha kwenye kila moja kikatokea kisanduku cheupe kinachoomba paswadi. Nilikimbilia ya Mama Awino kuandika, na hapo nikaganda, maana kibodi yetu ilikuwa ya kwenye skrini, na ilikuwa imebaki ndani, nyuma ya kufuli, kama mtu aliyefunga nyumba akauacha ufunguo juu ya kitanda. Kidole changu kiligonga kile kisanduku cheupe bure. Kuzima mashine kungezifuta nembo zote. "Zimekufa?" Mama Njeri akanong'ona. Madam alikuja upesi, visigino vikigonga saruji. "Akinyi, kuna nini? Paswadi ni gani?"

"Sijui," nikasema.

Madam alifumba macho. "Hujui?"

"Hapana, Madam. Najua."

"Sema basi!"

"Ni sijui."

Mgeni aliangalia saa yake. Madam alimgeukia akasema kwa Kiingereza, na kwa upole ambao uliniumiza zaidi, kwamba huyu ni msichana wa darasa la nane tu, si kosa lake, na kwamba shule ile ya sekondari haiko mbali, wanaweza kuzipitisha huko leo. Mmoja wa vijana mlangoni akainua katoni. Wamama walinitazama, kuta tatu zile, isipokuwa hazikuwa kuta tena, lilikuwa kundi moja la wanawake lililobanana katikati ya ukumbi, na Mama Awino akasema, si kwa sauti ya sokoni bali ya chini kabisa, "Nyathina, mtoto wangu, ongea. Kama unajua, ongea."

Nilifikiria kukimbia, mlango ulikuwa wazi. Badala yake nikasikia mtu akisema kwa nguvu, na mtu huyo alikuwa mimi: "Madam, sikiliza! Paswadi yenyewe ni neno! Ni neno sijui! Se, i, je, u, i! Fundi Wafula aliandika sijui!" Sauti yangu iligonga mabati ikarudi. "Na nataka kibodi ya ofisi yako. Ile yenye waya. Hii ya ndani imefungiwa. Nipe kibodi nitazifungua zote."

Mgeni ndiye aliyeanza kucheka. Mabega yalimtikisika kwanza ndani ya lile koti, halafu akaacha kujizuia. "Sijui," akarudia, akipangusa miwani. "Madam, mpe kibodi." Madam alienda mwenyewe, akarudi nayo kifuani, waya ukiburura, na nikaichomeka kwenye tableti ya Mama Awino. Niliandika polepole, kama ninavyoandika kila kitu. Nembo ikarudi, kila mraba mahali pake. Vigelegele! Nikahamia ya Mama Njeri. Nikahamia ya Mama Chebet, naye akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akanitemea baraka kidogo kifuani kama wafanyavyo kwao. Kufikia meza ya mwisho walikuwa hawanitazami tena, kwa sababu mzozo mwingine ulikuwa umezuka.

"Ni makosa ya neno," Mama Njeri alikuwa akisema. "Funga ni ya kumaliza."

"Funga ni ya mlango," akajibu Mama Chebet. "Mimi usiku nafunga mlango. Simalizi mlango."

"Na siku ya kufunga na kuomba, unamaliza nini?" Mama Awino akaingilia. "Na mtu akifungwa jela? Na timu ikifungwa mabao?"

"Hiyo ya kumaliza tuiite Maliza."

"Iitwe Toka!"

"Toka unafukuza nani? Hapa hakuna mtu atafukuza mwingine tena, hata kwa mashini!"

Walikuwa wanapigiana kelele usoni, vidole hewani, Yamumbi na Ainabkoi na Huruma, na nikagundua kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza nawasikia wakigombana bila mtu kuogopa. Mgeni alisimama kando akisikiliza kwa muda mrefu kuliko ratiba yake ilivyoruhusu. Hakuuliza tena juu ya kuhifadhi. Alimwinamia Madam Beatrice wakaongea, Madam akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kisha akanijia. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na kwa kijana wa mlangoni alipunga mkono, arudishe katoni stoo. "Akinyi," akaniambia, "nenda uwaambie wamama. Uwaambie wewe."

Nikaenda mpaka katikati ya ukumbi. "Zinabaki," nikasema. Hakuna aliyesikia. Mama Chebet alikuwa amepanda juu ya kiti kuelezea mlango wake. Nikavuta pumzi, harufu ya uzi na kitunguu ikajaa kifua, nikapaza sauti mpaka njiwa wa juu ya mabati wakaruka.

"Wamama! Zinabaki! Tableti zinabaki hapa!"

"Tumesikia!" Mama Awino akanigeukia, jasho usoni, hajapumua. "Kwani zilikuwa zinaenda wapi? Kuja hapa, mwalimu, utuamulie: ni Maliza ama ni Toka?"